Mtunza Siri Asiyeijua Siri

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Tunaitumia methali hii kumaanisha kwamba anayeishi na jambo ndiye anayeujua undani wake. Lakini ndani yake kuna dhana nyingine ambayo huwa tunaipita bila kuitazama: kwamba kila mtungi una kata yake. Hakuna siri inayotunzwa bila mtu wa pembeni kuijua. Kungwi anajua, daktari anajua, padri anajua, mhazini anajua. Heshima tunayowapa inatokana na hilo hilo, kwamba wanajua na wananyamaza.

Nataka kuuliza kama lazima iwe hivyo. Je, mtunza siri bora ni yule anayeijua siri na kuahidi kunyamaza, au yule aliyejinyima kabisa uwezo wa kuijua? Na kama ni huyo wa pili, je, bado tunaweza kumwita mwaminifu, au tumemwondolea hata nafasi ya kuwa mwaminifu?

Swali hili halikunijia kutoka vitabuni. Lilinijia kutoka kwenye kazi. Ninaandika programu za tovuti hapa Dodoma, nyingi kwa PHP, lugha ambayo Rasmus Lerdorf aliitoa kwa umma mwaka 1995 na ambayo hadi leo inaendesha sehemu kubwa ya tovuti unazozifungua. Ndani ya lugha hiyo kuna fanksheni zinazokuja nazo tayari, huhitaji kuzitengeneza, na baadhi yake kazi yao ni moja: kuchukua maandishi na kuyasaga. Sisi wa kazi hii tunaita kuhashi.

Nasema kuyasaga kwa sababu sijapata neno linaloeleweka haraka zaidi mkoani kwetu. Ukipeleka uwele mashineni unarudi na unga. Kutoka kwenye unga hurudi kwenye punje. Fanksheni iitwayo md5 inafanya vivyo hivyo. Ukiipa tarakimu 123456, inakurudishia e10adc3949ba59abbe56e057f20f883e. Ni herufi na tarakimu 32, hazipungui wala hazizidi. Ukiipa neno moja zinatoka 32, ukiipa kitabu kizima zinatoka 32. Badilisha tarakimu moja tu katika ulichokipeleka, na unga wote unabadilika usifanane kabisa na ule wa kwanza. Lakini ukirudia kupeleka kitu kile kile, leo au baada ya miaka kumi, unga ni ule ule.

Hapo ndipo siri inapotunzwa. Unapojisajili kwenye tovuti iliyoandikwa vizuri, neno lako la siri halihifadhiwi. Linasagwa, unga unawekwa ghalani, punje zinatupwa. Siku ukirudi ukaandika neno lako, mashine inasaga tena na kulinganisha unga kwa unga. Ukilingana, mlango unafunguka. Mwenye ghala ameweza kukutambua bila kujua ulichokisema. Katika maisha ya kawaida ya binadamu sijui mlinzi wa geti anayeweza kufanya hivyo.

Unaweza kujua kwa urahisi nani hafanyi hivyo. Taasisi moja niliyowahi kusoma, ambayo sitaitaja, ilikuwa na tovuti ya wanafunzi. Nilibonyeza pale palipoandikwa umesahau neno la siri, na baada ya dakika chache nikapokea barua pepe yenye neno langu lenyewe, herufi kwa herufi, kama nilivyoliandika siku ya usajili. Wenzangu walifurahi kwamba mfumo unasaidia. Mimi nilikaa nikifikiria idadi ya watu wenye funguo za ofisi ile. Neno hilo hilo nilikuwa nalitumia kwenye barua pepe yangu.

*

Miyuji ni kata iliyo kaskazini mwa Jiji la Dodoma, yenye vilima vya mawe na nyumba mpya zinazoongezeka kila mwaka tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku kwa vitendo. Mvua ni ya msimu mmoja, na muda uliobaki ni vumbi na hesabu za maji. Humo kuna vikundi vingi vya wanawake vya kuweka na kukopa. Kimojawapo kiliniomba nikiandikie mfumo mdogo wa kurekodi hisa, mikopo na marejesho, ili kila mwanachama aweze kuona salio lake kwa simu bila kusubiri siku ya kikao.

Kabla ya hapo walikuwa na kisanduku. Kama umewahi kukaa na vikundi vya VICOBA unakijua: kisanduku cha chuma chenye kufuli tatu, funguo zake zinashikwa na watu watatu tofauti, na anayelala na kisanduku nyumbani kwake hashiki ufunguo hata mmoja. Hakuna anayeona utaratibu huu kuwa matusi. Mtunza kisanduku haulizi kwa nini hamumwamini. Anajua kwamba zile kufuli zinamlinda yeye pia, kwa sababu siku hesabu ikipungua hakuna atakayemtazama yeye kwanza.

Mfumo ulipokaribia kukamilika, mhazini wao alinijia na ombi. Ni mama wa makamo, mwenye sauti ya chini na kumbukumbu kali, na katika miaka yote aliyoshika daftari sijasikia mtu akilalamikia senti. Alitaka kwenye ukurasa wake wa mhazini iwepo orodha ya majina na mbele ya kila jina paswedi yake.

"Wengine hawa ni watu wazima, mwanangu," alisema. "Watasahau kila wiki. Watanipigia mimi, siyo wewe. Nikiwa nayo nawasomea, mambo yanaisha."

Nilimweleza kwamba haiwezekani, kwamba hata mimi sitaziona. Aliniangalia kwa muda.

"Haiwezekani, au hutaki?"

Swali lile lilikuwa zuri kuliko alivyojua. Ukweli ni kwamba ingewezekana. Kuhifadhi neno la siri kama lilivyo ni kazi rahisi kuliko kulisaga. Kutowezekana kule nilikuwa nimekutengeneza mimi mwenyewe, kwa mstari mmoja wa msimbo.

"Sitaki iwezekane, mama," nilimjibu.

"Kwa hiyo huniamini."

Hapa ndipo hoja yake ilipopata nguvu, na sitaki kuipunguza. Kwake uaminifu ni kitu kinachojengwa kwa kuwa na uwezo wa kudhuru na kutoutumia. Mtu asiyeweza kuiba hatumsifu kwa kutoiba. Kipofu hatumsifu kwa kutochungulia. Yeye amebeba siri za watu kwa miaka: nani anadaiwa na nani, nani amekopa kwa ajili ya ada akasema ni kwa ajili ya duka, nani anaweka akiba ambayo nyumbani haijulikani. Hakuna iliyotoka. Sasa kijana mwenye kompyuta anakuja kumwambia kwamba njia bora ni yeye kutojua. Alisikia kwamba miaka yake yote ya kunyamaza imehesabiwa kuwa si kitu.

Nilimkumbusha kisanduku. Akasema kisanduku ni tofauti: siku ya kikao kinafunguliwa, kufuli tatu zikikutana. "Hiki cha kwako hakifunguki kamwe. Mwenye paswedi akisahau, mnafanyaje?"

Nikasema tunampa nafasi ya kuweka jipya. La zamani halipatikani tena.

"Basi," alisema, "hapo hamtunzi. Mnasahau kwa niaba yake."

*

Nimeifikiria sana kauli ile, na jibu langu linaanzia kwenye jambo ambalo wengi wetu hatulisemi kwa sauti: neno la siri la mwanachama si mali ya mfumo wangu. Salio lake, ndiyo, ni jambo la kikundi. Mhazini analiona na anapaswa kuliona. Lakini neno alilolichagua kulifungulia salio hilo mara nyingi ndilo analolitumia kwingine kote. Ndilo neno la barua pepe. Wakati mwingine ni zile zile tarakimu nne anazotumia kutolea pesa kwenye simu. Pengine ni mwaka aliozaliwa mtoto, hata yule aliyefariki. Nikilihifadhi kama lilivyo, nimejipa ufunguo wa vyumba ambavyo sikuwahi kukaribishwa. Kunyamaza kwa mhazini kunatosha kwa yale aliyoambiwa. Hakutoshi kwa yale ambayo mwenyewe hakujua kwamba ameyasema.

La pili ni kwamba ahadi ya kunyamaza inamhusu aliyeahidi tu. Haimfungi mwizi. Mwaka 2009 tovuti ya Kimarekani iitwayo RockYou iliibiwa maneno ya siri zaidi ya milioni 32, yote yakiwa yamehifadhiwa kama yalivyoandikwa. Lililotumiwa na watu wengi kuliko yote lilikuwa 123456. Inawezekana kabisa kwamba wafanyakazi wa kampuni ile walikuwa watu waungwana ambao hawakuwahi kuchungulia hata jina moja. Uungwana wao haukumsaidia mtu siku ile.

Lakini kusaga peke yake nako hakutoshi, na hapa inabidi niwe mkweli dhidi ya upande wangu. Rudi kwenye ule unga wa 123456. Kwa kuwa unga ni ule ule daima, mtu yeyote anaweza kusaga mapema maneno yote yanayopendwa na watu, akaweka orodha, kisha akiiba ghala lako akatambua unga kwa kuutazama. Mwaka 2012 hashi zipatazo milioni 6.5 za watumiaji wa LinkedIn zilimwagwa mtandaoni. Zilikuwa zimesagwa, lakini bila kuchanganywa na kitu kingine chochote, na nyingi zilitambuliwa ndani ya siku chache. Miaka minne baadaye ikabainika kwamba zilizoibwa zilikuwa zaidi ya milioni mia moja.

Dawa yake inaitwa chumvi. Kabla ya kusaga, unaongeza kiasi kidogo cha herufi za kubahatisha, tofauti kwa kila mtu, ili hata wawili wenye neno moja wapate unga tofauti. Pia unachagua mashine ya polepole. Kwa anayeingia mara moja kwa siku, robo ya sekunde si kitu. Kwa mwizi anayetaka kujaribu maneno bilioni moja, robo ya sekunde kwa kila neno ni karibu miaka minane. Tangu toleo la 5.5 la mwaka 2013, PHP ina fanksheni iitwayo password_hash inayofanya yote mawili bila kukuuliza: inatia chumvi yenyewe, na inasaga kwa bcrypt, mbinu iliyobuniwa na Niels Provos na David Mazières mwaka 1999 ili iwe ya polepole kwa makusudi. Md5 ilibuniwa na Ron Rivest mwaka 1991 kwa kazi nyingine, na sifa yake ilikuwa wepesi. Mwaka 2004 Xiaoyun Wang na wenzake walionyesha maandishi mawili tofauti yanayotoa unga mmoja wa md5. Mwaka 2017 watafiti wa Google na wa taasisi ya CWI ya Amsterdam wakafanya hivyo kwa SHA-1. Kwa hiyo hata hesabu, ambayo tunaitaja kana kwamba ni ya milele, ahadi zake huzeeka.

Tena kuna uongo unaosemwa kwa jina la hesabu hiyo. Nimewahi kusikia watu wakijigamba kwamba namba za simu za wateja wao ziko salama kwa sababu "tumezihashi". Chukua namba ya Tanzania. Ukishajua tarakimu tatu za mwanzo, zimebaki saba, yaani namba milioni kumi. Kompyuta ya kawaida inasaga mamilioni ya md5 kwa sekunde. Kabla hujamaliza kunywa chai, namba zote zimerudi. Tarakimu nne za siri ni 10,000 tu. Hata kwa bcrypt, kwa robo sekunde kila moja, ni chini ya saa moja. Anayejua hayo na bado akamwambia mteja alale usingizi, ameahidi kile ambacho mashine haikuahidi. Kwa sababu hiyo nilikataa tarakimu nne kwenye mfumo wa Miyuji. Wanachama walinung'unika, kisha wakazoea kutumia maneno manne yaliyounganishwa. Nasikia mmoja alichagua majina ya mboga.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume ya kuisimamia. Naiheshimu. Lakini sheria, kama ahadi, inazungumza na mtu mwenye uwezo wa kukosa, na mara nyingi inafika baada ya kosa. Ndiyo maana naona kuna wajibu unaotangulia sheria: usijipe uwezo usiouhitaji. Ukiweza kufanya kazi yako bila kujua, usijue.

*

Miezi kadhaa baada ya mfumo kuanza, mume wa mwanachama mmoja alimwendea mhazini. Alikuwa amesikia kwamba mkewe ana akiba. Hakugombana. Alikuja kwa heshima, akakaa, akanywa maji, akaomba paswedi ya mkewe kama mtu anayeomba kitu cha nyumbani kwake.

Mhazini alimjibu kwamba hana, na hawezi kuwa nayo. Ilikuwa kweli. Hakulazimika kusema uongo wala kusema "najua lakini sikwambii", jibu ambalo katika mtaa wa watu wanaojuana linaanzisha ugomvi wa miaka. Aliponisimulia nilidhani atasema kwamba sasa amenielewa. Hakusema hivyo.

"Yule bwana ana akili," alisema. "Aliniambia, sawa, kama huioni, basi ibadilishe, unipe hiyo mpya."

Na hilo aliliweza. Ukurasa wake ulikuwa na kitufe cha kumwekea mwanachama neno jipya, kwa ajili ya wale wanaosahau. Mashine ilikuwa imemwondolea uwezo wa kujua. Uwezo wa kufungua mlango ulikuwa bado mkononi mwake. Kilichomzuia jioni ile hakikuwa bcrypt. Kilikuwa tabia yake, ile ile aliyodhani nimeidharau.

Kwa hiyo nadhani wote wawili tulikuwa na sehemu ya ukweli. Kusaga neno la siri hakufanyi usaliti ushindikane. Kunabadilisha sura yake. Anayesoma neno lako kwenye orodha hakuachi na dalili yoyote. Unaweza kuishi miaka bila kujua kwamba umechunguliwa. Anayelibadilisha anaacha alama: siku ukirudi, neno lako la zamani linakataliwa, na unajua kwamba kuna mtu ameingia. Usaliti wa siri umegeuka usaliti wa wazi. Hiyo ni tofauti kubwa, kwa sababu tabia njema husaidiwa sana na kujua kwamba kosa litaonekana.

Ila si tofauti ya mwisho. Uaminifu haukuondoka kwenye meza. Ulihama kiti. Mhazini ndiye aliyenionyesha ulikohamia.

"Neno langu nikiliandika kwenye simu," aliniuliza, "linafika kwako likiwa punje au likiwa unga?"

Likiwa punje. Linasafiri limefungwa, lakini linapofika kwenye seva linafunguliwa, na kwa sehemu ndogo ya sekunde kabla ya kusagwa liko pale kama lilivyo. Mstari mmoja ukiongezwa hapo, usiozidi upana wa kidole, ungeweza kuliandika pembeni. Hakuna mwanachama ambaye angejua. Kata ya mtungi ule ni mimi.

"Na wewe," alisema, "nani anakushikia kufuli?"

Hakuna fanksheni ya PHP inayojibu swali hilo. Lilijibiwa kwenye kikao, na jibu lilitoka kwao. Kitufe cha kubadilisha neno sasa hakifanyi kazi hadi mhazini, katibu na mwenyekiti wathibitishe kila mmoja kwa simu yake, na mwenye akaunti anapata ujumbe hapo hapo. Ni kufuli tatu zile zile. Kwa upande wangu, neno la kufungulia seva tuliligawa nusu mbili. Moja nimebaki nayo, nyingine iko kwa katibu, na siwezi kugusa msimbo bila yeye kuwepo. Kijana mwingine wa fani hii, ambaye hatujuani, analipwa na kikundi kidogo tu ili ausome msimbo wangu kila nusu mwaka. Mara ya kwanza nilihisi kitu kooni, nikakitambua: ndicho alichokihisi mama yule nilipomnyima orodha.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo hunirudisha kwenye swali hili kila ninapolikuta. Toleo la 8.4 la PHP, la Novemba 2024, liliongeza ugumu wa kawaida wa bcrypt kutoka 10 hadi 12, yaani mizunguko 4,096 badala ya 1,024, kwa sababu kompyuta za wezi nazo zimepata kasi. Nilitaka kuuimarisha unga wa zamani wa wanachama wote usiku mmoja. Haikuwezekana. Sina punje zao. Ninachoweza ni kusubiri kila mmoja aje mwenyewe, aandike neno lake, na katika sehemu ile ya sekunde nilisage upya kwa mashine ngumu zaidi. Kuna wanachama ambao hawajaingia tangu mwaka jana, na unga wao bado ni ule wa zamani. Nimewatumia ujumbe. Wengine mhazini amewafuata kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kuwaomba wafungue simu zao wakati yeye ameangalia pembeni.